Pa Kuanzia

Ukikaa ufukweni Gisenyi ukaagiza Primus, bia ya Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mji huu huu mwaka 1957, usiinywe kwanza. Itazame glasi. Mapovu hayatoki ovyo: yanapanda kwa mstari kutoka pale pale, penye mkwaruzo au kiuzi kilichoachwa na kitambaa. Gesi imejaa bia nzima, ila inatafuta pa kuanzia.

Wakuzaji wa fuwele za protini wana shida hiyo hiyo, na subira kumshinda mnywaji yeyote. Fundi huchanganya maikrolita moja ya protini na moja ya maji ya chumvi, akalining'iniza tone hilo chini ya kipande cha kioo, juu ya kisima kidogo chenye chumvi kali zaidi, akaziba ukingo kwa grisi. Maji hulihama tone taratibu, kwa mvuke. Kazi inayobaki ni kuchungulia kwa hadubini, wiki hadi wiki. Mara nyingi hukuta mashapo meupe tu. Lisozaimu ya ute wa yai haina maringo, ndiyo maana wanafunzi huanzia nayo. Protini nyingine hukaa miezi bila kujipanga. Na haraka haifai hata fuwele ikipatikana: Dorothy Hodgkin alizipiga picha za eksirei fuwele za insulini katikati ya miaka ya 1930, umbo lake akalipata 1969.

Ukuta wenye matundu husaidia kuipa protini pa kuanzia, lakini matundu gani? Jiwe jeusi la volkano ya Nyiragongo limejaa matundu, ila tundu la milimita moja, kwa molekuli ya protini, ni uwanja wa mpira. Zinatakiwa nanomita chache. Tundu likibana, molekuli hukusanyika upesi, kisha fuwele hushindwa kutoka nje. Likiwa pana, kutoka ni rahisi, kuanza ndiko kugumu. Mwaka 2006 Naomi Chayen wa Imperial College London na wenzake walitumia kioo chenye matundu ya nanomita 2 hadi 10, kila protini ijichagulie chumba. Ujanja mtupu!

Mimi lakini napenda zaidi chombo cha zamani: sharubu la paka. Fundi hulipitisha juu ya fuwele mbovu, likaokota vipande visivyoonekana, kisha hulivuta mara moja tu ndani ya tone jipya. Baada ya siku kadhaa fuwele zimeota kwa mstari, pale pale sharubu lilipopita.