Maneno Yaliyokatwa

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa binamu yangu, usomwe makaburini. Niliandika kwenye kompyuta, nikafuta, nikaandika tena. Kilichosomwa kilikuwa safi: alizaliwa, alisoma, aliugua, ameacha mke na mtoto mmoja. Msiba wangu haukuwamo.

Ndiyo maana rasimu ya Yan Zhenqing inanisumbua. Yan, aliyezaliwa mwaka 709, alikuwa ofisa na bingwa wa mwandiko wa brashi nchini China, enzi ya Tang. Uasi wa An Lushan ulipoanza mwaka 755, kaka yake wa ukoo, Yan Gaoqing, alisimama upande wa dola. Mji wake ukazingirwa, msaada haukuja, ukaanguka. Gaoqing na mwanawe Jiming wakauawa. Mwaka 758, baada ya kupatikana kichwa tu cha Jiming, Yan aliketi kuandika maneno ya kumlilia.

Sisomi Kichina, nimefuata tafsiri, na macho. Safu za kwanza, zenye tarehe na vyeo, zinakwenda kwa utulivu. Hata hivyo, pale anapojitaja kuwa baba mdogo wa marehemu, tayari amekata neno. Akifika kwenye mji uliozingirwa, anakata tena na tena, na mengine anayachomeka pembeni. Wino unakauka kwenye brashi naye anaendelea tu, hadi mistari inabaki michirizi. Mwishoni herufi zinakimbia kama mtu anayetaka kumaliza kusema kabla sauti haijakatika.

Wengi husema uzuri wa kazi hii ni makosa yake. Sikubaliani nao. Tazama mwandiko wake kwenye jiwe la Pagoda ya Duobao, wa mwaka 752: herufi nene, zilizosimama wima, kila moja imejaa mahali pake. Mkono uliozoea nidhamu hiyo ndio unaotikisika hapa, na uzito wake bado upo. Huwezi kujua kwamba mtu anachechemea kama hujui mwendo wake wa kawaida. Mwanafunzi angeandika hivi, tungeona fujo tu.

Kinachonikera ni kwamba hakutuandikia sisi. Leo karatasi hiyo ni hazina ya Jumba la Makumbusho la Taifa huko Taipei, na ilipoazimwa Tokyo mwaka 2019 watu waligombana. Nami nimeikuza kwenye skrini kuchungulia kilio cha mtu.

Lakini imenifundisha jambo kuhusu faili langu safi. Kuna sentensi niliifuta: kwamba binamu aliuza pikipiki yake ili nilipiwe ada ya mwaka wa kwanza. Niliona inanihusu mimi kuliko yeye. Kwenye kompyuta haikuacha hata alama. Kwenye karatasi ya Yan ingepigwa mstari, na bado ingesomeka.