Alice na Sauti ya Kuazima

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video ya Didia hatuna haki ya kucheka filamu ambayo mdomo na sauti haviendani. Muvi za Kichina na za Marekani tulizisikia kwa sauti moja tu, ya marehemu Lufufu. Yeye ndiye polisi, yeye jambazi, yeye mke wa jambazi.

Kwa hiyo Blackmail ya Alfred Hitchcock (1929) haikunipa shida. Ilianza kupigwa kama filamu bubu, halafu sauti ikaingia katikati ya kazi, na mshono unaonekana. Mwanzoni polisi wanakamata mtu bila neno hata moja; kisha ghafla watu wanaongea, taratibu, kama wanafunzi wanaosoma risala mbele ya mgeni rasmi.

Anny Ondra, anayecheza Alice, alikuwa mwigizaji wa Kicheki, na lafudhi yake haikufanana na ya binti wa muuza duka wa London. Basi Joan Barry akasimama nje ya picha akisema maneno, Ondra akichezesha midomo. Ukikaza macho utaona anachelewa kidogo.

Wengi wanaona hiyo ni kasoro. Mimi naitetea. Alice amemuua kwa kisu mchoraji aliyetaka kumbaka, na kuanzia hapo anatafuta pa kusemea. Mpenzi wake, Frank, ni mpelelezi. Anajua, na anamnyamazisha. Tracy anakuja dukani kuuza siri hiyo, anadai mpaka kifungua kinywa, na wanaume wawili wanavutana bei yeye kasimama palepale. Msichana wa namna hiyo kupewa sauti ya kuazima, kwangu inaingia akilini kabisa.

Halafu ile asubuhi. Jirani anaropoka kuhusu mauaji, maneno yake yanafifia na kuwa mvumo, linabaki moja tu: kisu, kisu, kisu. Na baba mtu anamwambia Alice akate mkate! Sauti ilikuwa ngeni kabisa, na Hitchcock tayari anajua kuinyima.

Mbio za kwenye paa la British Museum zinasifiwa mno. Mimi nilikuwa nasubiri ziishe. Tracy, ambaye hakuua, anadondoka na kufa, jalada linafungwa. Alice anakwenda polisi kukiri. Anafungua mdomo, simu inalia, mkubwa anamkabidhi kwa Frank. Hapo nilimtamani Lufufu aingilie, amsemee. Wanaume wanacheka, na pembeni inapitishwa picha ya mchekeshaji aliyoichora marehemu, nayo inacheka.