Katika Kupima Wasifu wa Mhandisi

Wasifu ni kazi ya kale katika lugha yetu. Tenzi zilihifadhi habari za mashujaa na wacha Mungu, na baadaye nathari ikawaongeza watu wa kazi. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad hakuona haya kumwonyesha msomaji binti wa mfinyanzi wa Fumba, aliyetembeza vyungu mjini kabla ya kusifika kwa uimbaji. Kwa kipimo hicho nakusudia kupima wasifu wa namna nyingine, ambao wanafunzi wetu wa sayansi huusoma mara kwa mara na kuuiga bila kuuhoji: wasifu wa mhandisi aliyeongoza uundaji wa vyombo vya angani kwa ajili ya biashara. Mfano wangu ni Harold Rosen, Mmarekani, aliyezaliwa New Orleans mwaka wa 1926 na kufariki mwaka wa 2017.

Aghalabu maisha yake husimuliwa hivi. Alisoma Chuo Kikuu cha Tulane, kisha Caltech. Mwaka wa 1956 aliingia kampuni ya Hughes Aircraft, na mwaka wa 1959 alibuni setilaiti ndogo ya mawasiliano. Wazo lile lilizaa vyombo vya Syncom, na mwaka wa 1965 likazaa Early Bird, setilaiti ya kwanza ya biashara kukaa mbali angani na kuzunguka pamoja na dunia. Alipanda cheo hata akawa makamu wa rais wa kampuni, na mwaka wa 1995 alishiriki na John Pierce Tuzo ya Draper. Basi huitwa baba wa setilaiti hizo.

Katika maneno hayo hapana uongo. Hata hivyo msomaji anayamaliza bila kujua mtu huyu alifanya nini. Neno “alibuni” limesimama pale kama mlango uliofungwa.

Tuufungue kidogo. Chombo kikiwekwa juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, na kwa hiyo machoni petu huonekana kimetulia mahali pamoja. Jambo hilo halikuwa siri; Arthur C. Clarke alikwisha kulieleza mwaka wa 1945. Shida ilikuwa uzito. Roketi za siku zile zilikuwa dhaifu, na wengi waliamini kwamba chombo cha kukaa mbali kiasi hicho hakina budi kuwa kizito, chenye mitambo mingi ya kukishikilia kisipinduke. Rosen alishika njia nyingine: chombo chenye umbo la mkebe kizunguke mfano wa pia ya watoto, na mzunguko wenyewe ukifanye kiwe imara. Ubavuni kivikwe vibamba vya kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Early Bird ilipofika mahali pake haikuzidi kilo 40, nayo iliweza kubeba mazungumzo 240 ya simu kwa wakati mmoja. Hapa ndipo penye akili ya mtu huyu: katika kujua kitu gani kiondolewe. Wasifu usiotuonyesha hivyo umetupa cheo cha mtu ukatunyima fikira zake.

Kosa la pili ni kuwasahau wenzi. Chanda chema huvikwa pete, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Thomas Hudspeth alishughulikia redio, ambayo ilipaswa kuwa nyepesi kuliko ilivyodhaniwa kuwa inawezekana. Donald Williams alipiga hesabu za njia ya chombo, akagundua namna ya kukiongoza chombo kinachozunguka: kitundu kitoe gesi kidogo kila chombo kinapofika upande ule ule wa mzunguko, hata msukumo mdogo mdogo ukijumlika ukipeleke kinakotakiwa. Kampuni iliposita kutoa fedha, watatu hao walikuwa tayari kutoa zao, na Williams aliweka hundi ya dola 10,000 mezani kwa mkuu wa kampuni. Hataza ya ugunduzi wa uongozaji ule ilitolewa kwa jina la Williams mwaka wa 1973, naye alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka wa 1966. Sheria ilimkumbuka, masimulizi ya kawaida humtaja kwa haraka, kama mtu aliyepita njiani.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Syncom ya kwanza ilirushwa tarehe 14 Februari 1963. Ilipowashwa injini ya kuiingiza katika njia yake ya mwisho, sauti yake ilikatika na haikurudi tena. Katika orodha za sifa, siku hiyo hupewa nusu ya sentensi, au haitajwi. Lakini nani hatatamani kuketi na watu wale usiku ule, wamekwisha kuahidi, na wale waliowabeza sasa wana neno la kusema? Miezi mitano baadaye, tarehe 26 Julai, walirusha ya pili, ikafaulu. Tarehe 23 Agosti mwaka huo huo Rais Kennedy alizungumza kwa njia yake na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kupitia meli Kingsport iliyokuwa bandarini Lagos. Mazungumzo yale yana uzito wake kwa sababu ya ukimya wa Februari. Ukiuondoa ukimya, limebaki tangazo.

Yamkini mtu atasema: kila kazi ina nahodha, na lawama ya chombo kikizama ni yake, basi sifa nazo ziwe zake. Hoja hii ina haki. Rosen alisimama mbele ya wakubwa wasioamini, na bila ukaidi wake huenda wazo lingefia kabatini. Lakini nahodha husifiwa vema kwa kuonyeshwa akiongoza mabaharia katika tufani, wala si kwa kuchorwa peke yake juu ya bahari tulivu. Hata mwisho wa kazi yake unastahili kusemwa waziwazi: baada ya kuondoka Hughes mwaka wa 1993 alianzisha pamoja na ndugu yake kampuni ya kuunda injini mpya za magari, nayo ikafungwa mwaka wa 1997. Habari hiyo haimpunguzii kitu. Yatuonyesha mzee aliyekuwa bado anathubutu.

Nasema haya kwa ajili ya wanafunzi. Kijana anayelishwa wasifu wa ushindi mtupu, chombo chake cha kwanza kinaponyamaza, atadhani hakuumbiwa kazi hiyo, kwa kuwa hajapata kusoma kwamba wakubwa wake nao walinyamaziwa. Wahandisi wa Afrika Mashariki sasa wapo, na wasifu wao utaandikwa. Atakayeuandika na asianze na vyeo. Aulize kwanza: kitu gani kilikataa kufanya kazi, na nani alikuwapo chumbani?