Mdundo wa Orfeu ulivyonaswa kanisani Washington

Filamu ya Orfeu Negro ilizoa Palme d'Or ya Cannes mwaka 1959, kisha Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Chimbuko lake ni tamthilia ya Vinicius de Moraes, Orfeu da Conceição, iliyopanda jukwaani Rio de Janeiro Septemba 1956 kwa muziki wa Antônio Carlos Jobim. Mwongozaji Marcel Camus aliitoa hadithi ile ya mapenzi jukwaani akaiingiza katikati ya kanivali. Nyimbo zikatungwa upya, na ngoma zikarindima chini ya maneno ya wahusika karibu filamu nzima.

Wamarekani waliipenda sauti hiyo. Kazi ilikuwa kuipiga. Waliofanikiwa kuifikisha kwenye chati za nchi nzima ni kundi la Washington la mpiga gita Charlie Byrd, na mbinu zao zinastahili kuchambuliwa.

Kwanza, walianza na mdundo. Mwaka 1961 Byrd alizunguka Amerika ya Kusini kwa ziara ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mpiga ngoma wake, Buddy Deppenschmidt, alijifunza mapigo kwa wenyeji wa Bahia, Brazil, ana kwa ana. Keter Betts akayashika kwenye besi. Mpiga saksafoni Stan Getz hakuwemo ziarani. Yeye alipewa kazi ya kuimbisha ala yake juu ya mdundo uliokwisha kuiva.

Pili, walipunguza. Badala ya umati wa kanivali, waliweka wapiga ngoma wawili, Deppenschmidt na Bill Reichenbach. Byrd alitumia gita la nyuzi za nailoni: dole gumba likishika besi, vidole vingine vikidaka kodi nje ya pigo.

Tatu, walichagua chumba. Tarehe 13 Februari 1962 walirekodi katika ukumbi wa kanisa la All Souls, mtaa wa 16, kwa sababu sauti ilisikika vizuri humo. Kwa saa chache tu, nyimbo 7 zilikuwa tayari.

Sikiliza Desafinado, utunzi wa Jobim yuleyule. Getz anapuliza taratibu, karibu kunong'ona, na kila ala inasikika peke yake. Kisha Byrd anapokea. Hapo ndipo kasoro ya wauzaji ilipojitokeza: wimbo ulipofupishwa kwa ajili ya redio, kipande cha Byrd kilikatwa, na jina likabaki kwa Getz, aliyetwaa Grammy.

Hata hivyo, albamu iliyotokana na rekodi hiyo ya kanisani, Jazz Samba, ilifika namba 1 kwenye chati ya Billboard mwaka 1963. Mtayarishaji anayetaka kuchanganya muziki wetu na wa ugenini ajifunze hapa: ampeleke mpiga ngoma kwa wenye ngoma yao kwanza, studio baadaye.