Pongezi kwa Wachonga Mipini ya Rivolva

Katika kazi za mikono zistahilizo kusifiwa, aghalabu husahauliwa ile ya mafundi wa Marekani wachongao mipini ya rivolva kwa ajili ya watu waliojaaliwa viganja vikubwa. Tangu kampuni ya Smith & Wesson ilipotoa rivolva ya .357 Magnum mwaka 1935, ilidhihirika ya kuwa risasi yenye nguvu hudai mpini ulioenea mkono barabara. Kwani mpini mwembamba, hata ukiwa na nakshi za kupendeza, huzunguka kiganjani kila risasi itokapo, na kikingio cha kifyatulio kikagonga kifundo cha kidole cha kati hata kikavimba.

Basi fundi mwenye maarifa huanza na mkono kabla ya mti. Huko Twin Falls, Idaho, karakana ya Herrett ilijipatia sifa kwa kumtaka mteja aweke kiganja chake juu ya karatasi, auchore mzunguko wake kwa kalamu, kisha aipeleke karatasi kwa posta. Kwa kipimo hicho mti wa jozi huchongwa ukajaza nafasi tupu iliyo nyuma ya kikingio, ukanenepa panapokaa kiganja, na kurefuka hata kidole cha mwisho kipate pa kushika. Wala haunenepeshwi kupita kadiri, maana ncha ya kidole cha shahada ni lazima ikifikie kifyatulio pasipo kuupinda mkono.

Wapongezwe mafundi hao kwa kukifanya chombo kimtii mwenye mkono, na shabaha iliyotulia ndiyo shahada ya ustadi wao.