Nani Hazungumzi? Uhakiki wa Masimulizi ya Ziara katika Makao ya Mayatima Ethiopia

Tunapofunza tawasifu na masimulizi ya safari katika shule za upili, tumezoea kuuliza: nani anasimulia? Makala haya yanapendekeza swali la pili ambalo aghalabu tunalisahau: nani hazungumzi? Tutalijaribu kwa masimulizi ya familia za Ulaya na Marekani zilizosafiri hadi Addis Ababa kuasili watoto. Mwaka 2010 pekee, zaidi ya watoto 2,000 wa Ethiopia waliasiliwa na familia za Marekani. Safari nyingi za aina hii ziliandikwa na wasafiri wenyewe.

Msuko na nafsi ya usimulizi

Ukisoma machache utaona kwamba msuko haubadiliki sana. Familia inatua Addis Ababa, inalala hotelini, kisha gari linaipeleka makaoni. Geti linafunguliwa na watoto wanakimbilia mikono ya wageni. Kahawa inakaangwa, peremende na mipira inagawanywa, picha zinapigwa. Kilele ni pale mtoto anapowekwa mikononi mwa mama mpya. Msomaji hutokwa na machozi. Je, anamlilia nani?

Nafsi ya kwanza inatuonyesha tu kile ambacho mgeni alikiona kwa saa chache. Mtoto mmoja ana jina na tabasamu lake. Waliobaki ni kundi, sehemu ya mandhari. Walezi wanatabasamu bila kusema neno. Mama mzazi, akitokea kabisa, hutokea mara moja tu, siku ya kuagana, akiwa kimya.

Neno "yatima"

Katika Kiswahili, kama ilivyo katika hesabu za UNICEF, hata mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja huweza kuitwa yatima. Msomaji wa ng'ambo hulisikia neno hilo akadhani kwamba mtoto hana mtu duniani. Hadithi nzima imejengwa juu ya pengo hilo la maana, kwani si wachache kati ya watoto hao waliokuwa na mama, baba au nyanya hai. Zaidi ya hayo, kuna wazazi waliodhani kwamba mtoto anakwenda kusoma na siku moja atarudi nyumbani.

Kazi mbili za kulinganisha

Melissa Fay Greene, mwanahabari wa Marekani ambaye mwenyewe aliasili watoto wa Ethiopia, alichapisha *There Is No Me Without You* mwaka 2006. Amefaulu kuliko wengi kwa sababu mhusika wake mkuu ni Mwethiopia: Haregewoin Teferra, mjane aliyempoteza pia binti yake, kisha akaugeuza mji wake kuwa makao ya watoto. Greene hamfanyi malaika. Anasimulia pia tuhuma zilizomwandama mama huyo. Hata hivyo, kitabu kinaelekea upande wa wale wanaopokea watoto.

Filamu ya Kidenmaki *Mercy, Mercy* ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Katrine Riis Kjær, inaigeuza kamera. Inabaki na wazazi waliomtoa binti yao mdogo wakiamini kwamba virusi vya UKIMWI vitawaua karibuni. Kinaya ni kichungu: wazazi wanaishi, wakingoja habari za mtoto ambazo haziji.

Tusihukumu kwa pupa. Wapo watoto ambao kweli hawakuwa na mtu, na mapenzi ya familia nyingi hayakuwa ya kuigiza. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Lakini walisema pia kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Masimulizi ya ziara husimama juu ya methali ya kwanza na kuinyamazisha ya pili. Serikali ya Ethiopia ilipiga marufuku uasili wa kigeni mwaka 2018. Kenya ilikuwa imeusimamisha mwaka 2014.

Darasani

Suala hili haliko mbali nasi. Nilipolifunza, mwanafunzi mmoja aliyelelewa katika makao humu nchini aliinua mkono. Alieleza kwamba wimbo wa kuwapokea wageni hufanyiwa mazoezi, na kwamba mtoto hujua siku ambayo hakuchaguliwa. Darasa lilinyamaza. Mimi pia sikuwa na la kuongeza, kwani uhakiki wake ulikuwa umeshapita wangu.

Mwalimu, jaribu zoezi hili: wape wanafunzi tukio la ziara, kisha waliandike upya kwa nafsi ya mama mzazi, ya mlezi, au ya mtoto aliyebaki getini gari likiondoka. Usiwalazimishe kusoma kazi zao kwa sauti. Miongoni mwao huenda yumo ambaye kwake hilo si zoezi.