Gofu la Ruvula na Sultani Asiye na Raia

Vitabu vya watalii vinavyojikongoja mpaka Msimbati, kule Mtwara karibu na mdomo wa mto Ruvuma, vinapenda sana kumtaja Latham Leslie-Moore. Mwingereza huyu alijenga nyumba Ruvula, ufukweni kabisa, akaishi humo, kisha akadai eneo lijitawale. Ndiyo, lijitawale! Wapo wanaomwita Sultani wa Msimbati, wapo wanaotaja “Jamhuri ya Mtwara na Mikindani”. Baada ya Uhuru akafukuzwa nchini, nyumba ikabaki gofu.

Hadithi tamu, sikatai. Ugomvi wangu ni namna inavyosimuliwa. Kuna bahari, kuna mchanga mweupe, kuna mzee mwenye vituko. Raia wa huyo sultani wako wapi? Nani alibeba mawe, nani alichota maji, na jioni barazani watu walimcheka au walimwogopa? Ukisoma utadhani Msimbati ilikuwa tupu, inamsubiri mzungu aje aipe historia. Wakati wavuvi walikuwepo, na mashamba ya minazi yalikuwepo.

Sehemu ya tatizo ni vifaa vya ujenzi. Nyumba ya fito, udongo na makuti huezekwa upya kila baada ya miaka michache. Mwenyewe akihama, mvua mbili tatu zinaimaliza. Haiachi gofu la kupigia picha. Kwa hiyo msimuliaji anayeanzia kwenye ukuta uliobaki ataishia kwa mwenye ukuta. Mikindani ni hivyohivyo: mji wa majahazi na wafanyabiashara wa karne nyingi, lakini mgeni anapelekwa kwanza kwenye kibao cha Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866 akielekea bara. Hata Marekani wana ugonjwa huu. Kibanda cha magogo kinachooneshwa Kentucky kuwa ndicho alichozaliwa Abraham Lincoln kimejengewa jumba la mawe kukilinda, ilhali magogo yake yalikatwa Lincoln akiwa mtu mzima.

Kinachonikera zaidi ni neno “vituko”. Mtu mmoja kutaka kujitenga na nchi nzima, hilo limekuwa la kuchekesha, la kunogesha safari. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba kabla wao hawajaona faida yake. Hawakutangaza jamhuri. Waliuliza mgawo. Wakaambiwa wanataka kuigawa nchi, wanajeshi wakapelekwa, na watu wakafa. Hakuna aliyeviita vituko.

Gesi yenyewe iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na visima viko hapohapo Msimbati. Waandishi wa vitabu hivyo huvipita wakiwa njiani kwenda kupiga picha gofu.